Mikro Aliyoichagua Mwalimu

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu alifariki mtu ambaye sisi wote wa mtaa wa Bwiza tulimwita Mwalimu. Waliosimama kusema kwenye mazishi walisema tumepoteza mpiga gitaa hodari, mlezi wa wapiga gitaa, na mtu mnyenyekevu. La kwanza ni kweli. La pili linategemea unamuuliza nani. La tatu ni uongo, na nilipolisikia niliinamia viatu vyangu nisije nikacheka makaburini. Mimi nilipoteza mtu niliyemdharau kwa miaka kumi na tisa. Sikujua kwamba mtu wa namna hiyo naye huacha nafasi tupu. Huacha.

Alikozaliwa na ukoo wake vilisomwa kanisani, sitavirudia. Nitasema niliyoyaona.

Nianze na mkono wake. Hapa kwetu mtu mwenye uchafu au maji mkononi anakunja kiganja na kukupa kifundo cha mkono ushike hicho. Mimi nashona viti vya magari karibu na magereji ya Buyenzi, na nikiwa na gundi vidoleni hufanya hivyo hivyo. Mwalimu alitoa kifundo siku zote, hata Jumapili, hata akiwa ametoka kuoga. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kucha ndefu alizozipaka gundi zisivunjike, na hakutaka kiganja cha binadamu yeyote kizikaribie. Askofu alipewa kifundo. Mama mkwe alipewa kifundo. Mgeni asiyemjua angedhani ametoka kuchinja kuku. Nyumbani mke wake ndiye aliyemmenyea machungwa, na mara moja, mke akiwa sokoni, nilimkuta amekaa mbele ya chungwa zima, anangoja, kama mgonjwa anayengoja daktari.

Wanafunzi wake hakuwasahihisha. Ulipokosea aligeuza uso akatazama dirishani mpaka uache mwenyewe. Kama hukujua kwamba umekosea uliendelea kupiga, naye akaendelea kutazama dirishani, na barabara nje haikuwa na kitu cha kutazamwa. "Iko watu wenye masikio," alikuwa akisema, "na iko wengine." Kwa miaka yote niliyomjua, wenye masikio aliowataja hawakuzidi watatu, na wawili walikuwa wamekwisha kufa. Sisi tulikuwa wengine.

Na gitaa la mwanafunzi hakuligusa. "Gitare ya mutu ni sawa na muswaki yake," alisema. Mara ya kwanza kusikia maneno hayo niliona ni heshima. Baadaye nikaelewa kwamba ni uvivu uliovaa koti. Hakutaka kuinama juu ya gitaa bovu la mtu maskini na kutafuta kwa nini linalia vibaya. Alifundisha akiwa ameshika la kwake, na wewe ukahangaika na la kwako.

Kwa jina hakuniita hata siku moja. Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake, mimi nilikuwa nyuma nyuma tu, basi akaniita Mudogo. Nilioa akiniita Mudogo, nikapata watoto wanne akiniita Mudogo, na mvi zilipoanza kutoka bado nilikuwa Mudogo.

Kuna hadithi moja aliyoipenda. Alisema alikwenda Kiriri kumpigia gitaa balozi, nyumbani kwake kule juu, na balozi akalia machozi. Hadithi hiyo niliisikia kwenye harusi, kwenye vipaimara, na mara moja kwenye foleni ya maji. Machozi yaliongezeka mwaka hadi mwaka. Halafu ikatokea nikapata kazi ya kushona upya viti vya sebule katika nyumba ile ile. Mpishi alikuwa mzee aliyeona mabalozi wengi wakija na kuondoka, nikamuuliza.

"Balozi gani?" mpishi akasema. "Siku ile balozi alikuwa safari. Ule muzee alipigia watoto, siku ya anniversaire, mutoto mumoja alitimiza miaka. Tulimupa keki hapa jikoni. Alikula kidogo, ingine akafunga ndani ya kitambaa, akaenda nayo."

Nilirudi Bwiza na hadithi hiyo mfukoni nikiwa na furaha isiyo nzuri. Nilikaa nayo miaka, nikingoja siku ya kuitoa mbele ya watu. Sikuitoa. Si kwa sababu ya huruma. Kila nilipotaka kuisema ilinijia ile keki kwenye kitambaa, na nikajua ilikuwa inakwenda kwa mke wake, na hilo likaniharibia hadithi.

Alikuwa amejaa mambo ya namna hiyo, yanayokuzuia kumdharau kwa raha. Alisema nyimbo za kanisa ni za kupeleka ng'ombe majini, na bado kila Jumapili alipiga katika makanisa mawili, la pili akilifikia mbio na gitaa mgongoni. Alisema gitaa la umeme ni redio yenye shingo, na bado hakuna mtu aliyekuwa na maneno mengi kuliko yeye juu ya spika, waya na mikro. Mikro ndiyo neno letu hapa kwa kile kidude kinachonasa sauti ya gitaa na kuipeleka kwenye spika. Hakuwahi kukifungua hata kimoja aone ndani kuna nini. Aliwahi kutuambia kwamba sumaku iliyo ndani inavuta sauti kutoka kwenye ubao, na sisi tukaitikia, kwa kuwa aliyesema ni Mwalimu.

Kaka yangu alilinda nyumba moja ya Kibenga, karibu na ziwa. Mchana gari la tajiri likishatoka, alikaa getini na gitaa. Nyuzi tatu nyembamba, zile zinazobeba wimbo wenyewe, zilikuwa zikimkatikia, na kupata nyingine ilikuwa shida. Akaanza kuweka nailoni ya kuvulia samaki, ambayo kule Kibenga ilipatikana kirahisi kuliko uzi wowote wa gitaa. Alijaribu unene huu na ule mpaka akapata unaomfaa. Akaupenda. Haukumkata vidole, na sauti ilitoka laini. Hata alipoletewa nyuzi za chuma hakurudi kwazo. Kwa hiyo gitaa lake lilikuwa na nyuzi tatu nene za chuma na tatu nyembamba za nailoni. Alitunga wimbo mmoja usio na maneno, na wimbo huo mama yetu, aliyeko Uvira ng'ambo ya mpaka, aliupenda kuliko zaburi. Kaka alipokwenda kumtembelea hakuruhusiwa kula kabla hajaupiga. Mama masikio yalikuwa yanakufa taratibu, akawa anasogeza kiti karibu na karibu zaidi kila mwaka.

Kaka alipofariki, mtu wa kwanza kufika Kibenga hakuwa ndugu. Mimi nilikuja na teksi, nikamkuta Mwalimu amekaa chini kwenye mchanga wa getini, na suti yake, viatu vimejaa vumbi hadi kwenye kamba. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Bwiza. Akanipa kifundo.

"Mudogo," akasema, "yaya yako alikuwa na mukono wa kushoto muzuri sana. Ule wa kulia, tungefanyia kazi bado."

Hata pale. Hata siku ile. Nilimchukia, nikakaa chini karibu naye, na tulikaa hivyo mpaka watu wakafika.

Warundi wana siku ya kuganduka, siku ambayo familia inayafunga matanga rasmi. Wanakodi ukumbi, wanalisha watu, wanasikiliza hotuba, na baada ya hapo haifai tena kumlilia marehemu hadharani. Sisi tuliotoka Uvira tumeishi hapa muda mrefu, desturi hiyo tumeichukua. Siku ya kaka ilipopangwa, familia ikakubaliana kwamba nitapiga wimbo wake, niliojifunza kwa kumtazama, kwa gitaa lake. Mama angeletwa kutoka Uvira. Lakini mama kwa wakati huo ilikuwa lazima umwambie neno sikioni ndipo alishike. Katika ukumbi uliojaa watu, gitaa bila spika lingekuwa kwake picha tu. Kwangu mimi jambo lilikuwa moja: mama asikie wimbo wa mwanawe kabla matanga hayajafungwa.

Fundi mmoja wa redio alijitolea kutoboa ubao aweke mikro ndani, chini ya daraja la nyuzi. Nikakataa. Sikutaka keekee ipite kwenye ubao ule. Ilibaki mikro inayobanwa kwenye tundu la gitaa, inawekwa na kutolewa bila kukata kitu. Nikaenda kwa Mwalimu kumuuliza. Najua. Lakini Bwiza ukiwa na swali la gitaa unakwenda kwa Mwalimu, na kumruka ungekuwa umemtukana mwalimu wa marehemu.

Alinisikiliza macho yakiwa dirishani.

"Tundu iko na upana gani?"

"Nilete gitaa uione?"

"Apana. Tundu ni tundu. We upime na kamba yako ya kushonea."

Nikapima. Hicho ndicho kitu pekee alichotaka kujua kuhusu gitaa la mwanafunzi wake.

Tulikwenda pamoja mtaa wa Asiatique, kwenye duka la mzee mmoja wa Buyenzi tuliyemwita Hadji. Aliuza pasi, thermos na taa za kuchaji, na kwenye kabati moja la kioo aliweka vitu vya muziki. Miwani yake ilishikiliwa na uzi mweusi.

"Karibu, Mwalimu," Hadji akasema. "Leo umekuja kununua ao kutukana?"

"Inategemea na kile utatoa." Na kifundo.

Hadji akakishika kifundo, akakitikisa vizuri, akanigeukia mimi. "Miaka yote hii sijaona kiganja yake. Pengine hana."

Akatandaza gazeti juu ya meza, akaweka mikro tatu. Ya kwanza ilikuwa duara bapa kama sarafu, ya kubandika kwenye ubao. Mwalimu hata hakuishika.

"Hii inasikia kila kitu. Ukikohoa, inakohoa na yenyewe."

Ya pili ilikuwa kipaza sauti kidogo kwenye shingo inayopinda, na kibanio cha kukishika ukingoni mwa tundu. Mwalimu akaiinua kwa ncha za vidole viwili.

"Na hii ni ya daktari. Tunataka kupima gitare homa?"

Nilicheka. Niseme ukweli, ilikuwa na sura mbaya kweli.

Ya tatu ilikuwa bapa ndefu nyeusi, nzito, yenye skrubu sita zinazong'aa, moja chini ya kila uzi, na ngozi laini pembeni isikwaruze ubao. Ilikuwa nzuri kama kitu cha kwenye saa ya bei. Mwalimu akaiweka kwenye kiganja, kiganja ambacho Hadji hatimaye alikiona.

"Njo hii. Hii ni mikro. Zile zingine ni michezo."

"Iko muzuri, sikatai," Hadji akasema. "Lakini nyuzi yenu ni ya chuma yote? Ju hii ni sumaku. Sumaku inasikia chuma. Nailoni haiisikie hata kidogo, wallahi, ni kama haiko. Kama kuna nailoni, mupeleke hii yenye mudomo, hata sura yake ni mubaya."

"Hadji. We unauza pasi."

"Nauza pasi, ndiyo."

"Mi nafundisha gitare tangu we uko na nywele. Nimekuja siku moja kukufundisha mambo ya pasi?"

"Ukuje tu. Hata shati yako ile ingefurahi."

Mwalimu akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Funga hii."

Hadji hakufunga. Alinitazama mimi juu ya miwani. "Na we, bwana? Gitare ni yako?"

"Ni ya marehemu yaya yangu."

"Nyuzi yake ni ya nini?"

Nilijua. Nilikuwa nimelala karibu na gitaa lile wiki nzima nikifanya mazoezi, vidole vyangu vilijua pa chuma na pa nailoni hata gizani. Nikasema:

"Mwalimu ndiye anajua."

Hadji akafunga.

Kwa miezi mingi nilijieleza kwamba mtu mdogo hamsahihishi mwalimu wa kaka yake mbele ya muuza duka. Ni kweli, kwetu haifanywi. Lakini haikuwa sababu yangu, au haikuwa yote. Sehemu yangu ilitaka Mwalimu akosee. Nilitaka siku moja akosee mbele ya watu wengi, kwa sauti kubwa, na asiwe na dirisha la kutazama. Sikufikiri kwamba katika watu hao atakuwemo mama.

Na nilijipa tumaini pia, kwa sababu tuliijaribu mikro ile kwake nyumbani, kwenye gitaa lake la nyuzi za chuma tupu na ampli yake, spika ndogo ya nyumbani. Ilisikika safi, kila uzi mahali pake. Mwalimu akacheka na meno yote. "Hadji auze pasi," akasema. Nikajiambia labda Hadji hajui.

Siku ya kuganduka umeme ulikatika tangu asubuhi. Hatukupata kujaribu chochote ukumbini. Jenereta iliwaka hotuba zikiwa zimekwisha anza, na zamu yangu ilipofika niliketi kwenye kiti, nikabana mikro ndani ya tundu, fundi wa spika akachomeka waya. Mama alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitenge cheupe, mkono nyuma ya sikio. Mwalimu alisimama kando ya spika kama ndiye aliyezitengeneza.

Nikapiga. Na kilichotoka kwenye spika kilikuwa nyuzi tatu za chini peke yake. Du, du, du, du. Kama mtu mzito anayepanda ngazi na buti za mvua. Wimbo wenyewe ulikuwa chini ya vidole vyangu, niliusikia mimi tu, na labda waliokaa kwenye viti viwili vya karibu. Watu walitazamana. Waliomjua kaka walikuwa wanangoja uanze, na ulikuwa umekwisha anza.

Nikamsikia Mwalimu akimwambia fundi wa spika: "Ongeza! Ongeza, kiziwi we!" Kijana akaongeza. Nyuzi za chini zikanguruma, kisha spika ikapiga ule mlio mkali unaotoboa kichwa, watoto wachanga wakalia, na mjomba wetu mmoja akaziba masikio kwa vitabu viwili vya nyimbo. Nilimaliza. Sijui kwa nini sikuacha. Watu walipiga makofi ya adabu, yale ya kumpigia mtoto aliyesahau shairi.

Mama hakupiga makofi. Nilipokwenda kumwinamia alinishika shati.

"Ulipiga miguu tu," akaniambia. "Kichwa iko wapi?"

Mchungaji alikuwa anasimama kufunga, na baada ya sala ile matanga yalikuwa yamekwisha.

Wakati wa chakula Mwalimu alipita meza hadi meza. Kwenye meza ya kwanza alisema ni jenereta, umeme wake ni mwepesi. Kwenye ya pili alisema ni fundi wa spika. Alipofika kwenye meza ya wajomba nilimsikia akisema: "Mudogo anakandamiza vidole vibaya, zile nyuzi za juu hazipate pumzi." Wakaitikia. Walikuwa wakila.

Nilichotaka nilikipata: alikuwa amekosea mbele ya watu wote. Na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na yeye, na hata yeye sikuwa na hakika.

Mama alibaki kwangu siku nane. Hakulitaja tena jambo lile, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angelitaja. Jumapili mchana, siku moja kabla ya kurudi Uvira, tulikuwa sebuleni, mama anakunja nguo zake, mlango ukabishwa. Alikuwa Mwalimu. Amekumbatia kifuani ampli yake ndogo, shati limelowa, jasho linamdondoka kwenye pua. Mtu ambaye kwa miaka yote sikumwona amebeba hata mkate. Akaiweka chini, akatoa mfukoni bahasha ya karatasi yenye nyuzi tatu.

"Gitare yenu iko na kosa," akasema. "Nimekuja kuirekebisha."

"Kosa gani, Mwalimu?"

"Iko na nailoni."

Sijui aligundua vipi. Labda kwa Hadji. Labda alikaa usiku kucha akifikiri.

"Gitaa haina kosa," nikasema. "Mikro ndiyo ina kosa. Hadji alituuliza pale pale. Alikuambia. Ulimufukuza na mukono kama nzi."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Mke wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni. Mwalimu hakutazama dirishani. Alinitazama mimi.

"Hadji aliniuliza mi mara moja," akasema. "We alikuuliza mara mbili. Ulikuwa na kinywa, Mudogo. Ulikiweka wapi?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta mwaka mzima na sijalipata.

Mama aliona midomo yetu. "Munagombana nini?" akauliza kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza wasiosikia. Nikamwinamia, nikamwambia sikioni, polepole. Kwamba nyuzi tatu zile kaka alizifunga kwa mkono wake. Kwamba spika haizisikii. Kwamba Mwalimu anataka kuzitoa aweke za chuma, na zikitolewa, hizo za kaka ndiyo basi. Kwamba mimi sitaki.

Akafikiri. Kitenge kilikuwa kimekunjwa nusu mikononi mwake.

"Yeye hayuko ndani ya nyuzi," akasema. "Kata. Mi kesho naenda."

Nililegeza mwenyewe, sikukubali Mwalimu azilegeze. Nikazitoa moja moja, zikajikunja zilivyozoea. Kazi iliyobaki aliifanya yeye. Aliinama juu ya gitaa lile, la mtu mwingine, akaingiza nyuzi za chuma, akazivuta, akasikiliza, akazivuta tena. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akabana mikro, akachomeka waya kwenye ampli, akaisogeza mpaka ikagusa mguu wa kiti cha mama. Akanipa gitaa.

Nikapiga. Wimbo ulitoka, wote, kichwa na miguu. Sauti haikuwa ile ya getini Kibenga. Ilikuwa kali zaidi, ina kitu cha bati ndani yake. Lakini ulikuwa wimbo. Mama aliiweka mikono juu ya ampli, uso umeelekea spika na si mimi, na midomo yake ilikuwa inakwenda. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema:

"Njo hiyo. Lakini hapa katikati yeye alikuwa anakawia. We unakimbia."

"Nimemwambia miaka yote," Mwalimu akasema, na haikuwa kweli, hakuwahi kuniambia lolote.

Nikapiga mara ya tatu, nikakawia pale. Mama akaitika kwa kichwa, akarudi kwenye nguo zake. Aliponyoosha mkono kutafuta kitu cha kufungia furushi, aliziona zile nailoni tatu mezani, akazichukua, akaziviringisha pamoja. Sikumzuia. Mwalimu akasema, "Leta, mama," akalifunga yeye furushi, akalikaza kwa goti. Akanywa chai, akabeba ampli yake, akanipa kifundo, akaenda. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona akiwa hai, ingawa aliishi karibu mwaka mzima baada ya hapo.

Asubuhi nilimsindikiza mama kwenye magari ya kwenda mpakani. Hatukuwa tumefika hata barabara ya lami fundo la Mwalimu likateleza, maana nailoni huwezi kuifunga kama kamba ya katani, na nguo za mama zikamwagika njiani, kitenge cheupe na vyote. Tuliokota. Nikafunga upya, nikizungusha mara tatu.

"Ule muzee hajue kufunga," mama akasema.

Nikamwambia sikioni: "Hajue, mama."

Akapanda gari, akaweka furushi mapajani. Kisha akanivuta dirishani.

"Sikumwambia asante," akasema. "Nilisahau. Urudi kwake umuambie. Leo."

Nikamwambia nitakwenda. Gari likajaa, likaondoka. Kurudi kazini zipo njia mbili, na fupi inapita mbele ya mlango wa Mwalimu. Mimi nikapita ile ndefu.